Mchoro Wenye Kona Nyingi

Mzee Koki alikuwa na mambo mawili ambayo watu wa nyumbani kwake walishayazoea. La kwanza, hakuweza kukaa karibu na bomba linalodondoka bila kunyanyuka kwenda kulikaza, hata kama ni bomba la watu na yeye ni mgeni aliyekaribishwa chakula. La pili, hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Jina alimpa mwenyewe, na lilikuwa la dada yake mkubwa, marehemu. Lakini tangu siku ile ilikuwa ni "mwanangu", "mama", "wewe", na akipandwa na hasira "huyu mtu". Miaka ishirini na saba ilipita hivyo, na mwenye jina alishaacha kuuliza.

Binti huyo alikuwa muuguzi katika hospitali ya mji wao mdogo. Alipopata barua ya kwenda kwenye mafunzo katika hospitali kuu ya jijini, alimletea babake kabla hata hajavua viatu. Jijini ndiko Mzee alikozaliwa na kukulia. Ndiko alikofanya kazi ya kusoma mita za maji kwa miaka kumi na moja, akaondoka na sanduku moja na mke mwenye ujauzito, asirudi hata kwa msiba. Watu wa mji mdogo walimjua kama fundi bomba tu, ndiyo maana wakamwita Koki.

"Basi nitapaona kwenu," binti alisema. "Nitamwona hata huyo shangazi niliyeitwa jina lake. Kaburi lake, angalau. Nitajua alikuwa nani."

Mzee aliisoma barua mara mbili, kana kwamba ilikuwa na kosa la tarakimu. Halafu akaagiza aletewe daftari na kalamu nyekundu.

Hapo ndipo alipoanza kutoa maelekezo, na ni lazima niseme kwamba alikuwa hodari. Kutoa maelekezo kulimfufua. Mgongo ulinyooka, sauti ikapanda, akawa kijana wa miaka thelathini na begi la ngozi begani.

"Ukishuka stendi usitazame juu," alisema. "Anayetazama maghorofa ndiye mgeni, na wezi humjua kabla yeye hajajijua. Begi liwe mbele. Vaa kiatu cha kamba, mitaro ya kule haina vifuniko. Upande wa mlimani maji hutoka alfajiri tu, kwa hiyo ukifika nyumba ya wageni jaza ndoo kwanza, salamu baadaye. Na ukipotea usimuulize mtu anayetembea. Anayetembea atakuelekeza popote ili umwachie njia. Muulize aliyekaa. Aliyekaa anaujua mtaa, na ana muda."

"Sawa, baba."

"Kwenye geti la bluu nyuma ya soko kuna mbwa mwekundu. Habweki, anauma tu."

"Mzee," mkewe alisema, macho yakiwa kwenye sinia la mchele aliokuwa akichambua, "huyo mbwa leo angekuwa na miaka thelathini na tano."

"Basi watakuwa na mjukuu wake."

Binti alicheka. Mzee hakucheka, maana alikuwa ameshaanza kuchora. Alichora vizuri, kwa mkono wa mtu aliyezoea kujaza visanduku vidogo: stendi, soko, nyumba ya wageni, hospitali. Kutoka nyumba ya wageni hadi hospitali mstari mwekundu ulishuka nyuma ya soko, ukazunguka uwanja wa mpira, ukapita ghala la mbao, ukavuka reli, ukarudi juu. Katikati ya mzunguko huo palibaki karatasi nyeupe.

"Hapa pana nini?" binti aliuliza, akiweka kidole kwenye weupe.

"Hapana kitu. Usikatize hapo."

Binti alipoingia ndani kufungasha, mke wa Mzee alisogeza sinia pembeni akautazama ule mchoro kwa muda. Alikuwa mama wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na ncha.

"Mchoro wako umejaa kona," alisema. "Mwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu."

"Nitamwambia akirudi."

"Umesema hivyo tangu akiwa anatambaa."

Tusizungushane kama alivyomzungusha mwanawe. Kwenye ule weupe palikuwa na mtaa mmoja mfupi wa mafundi cherehani, na kwenye mtaa huo nyumba ya matofali yenye geti dogo la mbao, na ndani ya nyumba hiyo dada yake alimlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka sita. Kilichotokea uani kwa dada ndicho alichokimbia, na hakukuwa na mtu duniani ambaye Mzee aliogopa ajue zaidi ya huyu muuguzi aliyekuwa akikunja sare zake chumba cha pili. Maana binti alimwamini. Alimwamini kupita kiasi, kama watoto wa pekee wanavyoamini, na Mzee alikuwa ameishi juu ya imani hiyo miaka yote.

Binti alisafiri Jumanne. Jioni alipiga simu: stendi ya babake ilikuwa imehamishwa, pale palijengwa benki, ndoo haikuhitajika, maji yalitoka muda wote, mbwa hakuwapo, wala geti la bluu. Mzee alipokea habari hizi moja moja kama mtu anayesomewa orodha ya wafu. Alipoulizwa kama anasikia, alisema anasikia.

Jumatano alipiga tena. "Baba, nimefuata mchoro wako. Nimetembea dakika hamsini, nimefika darasani nikiwa na jasho hadi kwenye soksi. Wenzangu wa nyumba ya wageni wametumia dakika kumi na mbili."

"Njia yako ni salama."

"Wamepita mtaa mmoja tu umenyooka. Kuna akina mama wanashona nguo barazani."

Mzee alisema mtandao ni mbovu, akakata. Mkewe alikuwa mlangoni. Alimtazama, akarudi jikoni.

Alhamisi mchana, saa tisa na dakika chache, simu iliita akiwa chini ya sinki la jirani na spana mkononi. Alitoka mgongo mgongo, akaenda kusimama nje ukutani.

"Baba, niko kwenye ule mtaa, kwenye weupe wa mchoro wako." Sauti ya binti ilikuwa ya kazini, ile ya kuongea na wagonjwa. "Nilifanya ulivyonifundisha. Nilimtafuta aliyekaa. Kuna mama mtu mzima ana cherehani kwenye baraza, nikamuuliza kama kuna nyumba hapa iliyokuwa ya dada wa msoma mita. Akaniuliza jina langu. Nikamtajia. Akasimamisha cherehani."

Mzee aliteremka taratibu hadi akakaa chini, mgongo ukutani. Alimjua. Walimwita Mama Cherehani tangu siku zile, na ukuta wake na wa dada ulikuwa mmoja.

"Amesema nini?"

"Amesema hawezi kunisimulia mambo ya babangu wakati babangu yuko hai na ana simu. Amesema nikuulize wewe, na ukikataa ndipo atasema yeye. Nimekaa hapa kwenye kigoda chake. Kwa hiyo nakuuliza, baba. Utasema, au aseme yeye?"

Kulikuwa na wakati wa kusema mtandao ni mbovu. Aliuona ukipita. Aliona pia uani kwa jirani, kamba ya nguo, beseni, ndara moja imepinduka, na akashangaa kwamba vitu hivyo vilikuwa vimetulia tu.

"Nitasema mimi," alisema. "Usinikatize, maana nikisimama sitaweza kuanza tena."

Akaanza. Alisema dada alimlea kwa kufua nguo za watu, na kwamba alipotaka kuoa, dada alimkataa mchumba. Dada alisema maneno mabaya: kwamba huyo msichana hata shuka hajui kukunja, atamkunja yeye. Siku ya harusi kiti cha dada kilikaa kitupu mbele ya watu wote. Mzee, kijana wakati huo, akaapa kutokanyaga tena kwa dada.

"Lakini nyumba yake ilikuwa kwenye njia yangu. Njia namba kumi na nne, kila tarehe tano. Mita ilikuwa uani, kando ya bomba, chini ya kifuniko cha chuma. Miezi ya kwanza niliingia, nikafunua, nikafuta kioo kwa kitambaa, nikasoma, nikatoka. Yeye alisimama mlango wa jikoni amekunja mikono. Hakuna aliyesalimia. Siku moja nilikuta amefuta kioo cha mita mwenyewe, kimeng'aa. Nilijua maana yake, nikajifanya sijui."

Upande wa pili hakukuwa na sauti ya cherehani.

"Sasa sisi wasomaji tulikuwa na tabia. Tuliita kusomea benchi. Nyumba ikiwa imefungwa, au ina mbwa, au hutaki tu, unakaa mahali na soda yako, unaangalia ya mwezi uliopita, unajumlisha, unaandika. Kanuni ilitaka uandike alama ya kukadiria, lakini ukiiandika mara nyingi bosi anakufokea, kwa hiyo hatukuandika. Kila mtu alifanya. Dada yangu nilimjua kwa kichwa: uniti saba kwa mwezi, kiangazi na masika. Nikaanza kumsomea benchi. Mwezi wa kwanza saba. Wa pili saba. Wa tatu saba, tarehe tano, saa nne na robo. Niliandika hadi saa. Niliandika kana kwamba nimeingia uani, nimeona kila kitu, nimetoka."

"Baba."

"Nimekwambia usinikatize. Alikuwa ameanguka tarehe tatu. Palepale bombani. Utelezi tu, ndoo ilimponyoka. Alivunjika nyonga, hakuweza kusogea wala kupaza sauti. Mama Cherehani alikuwa amesafiri. Alirudi tarehe tano jioni, na tarehe sita akaona kimya kimezidi. Geti limefungwa, anaita haitikiwi. Hakutaka kuvunja geti la watu. Akafikiri, akakumbuka jana yake ilikuwa siku ya mita. Akaja ofisini. Karani akafungua daftari la njia, akamwonyesha: nyumba imesomwa jana, saa nne na robo, na aliyesoma ni mdogo wake. Mama wa watu akashukuru. Akarudi nyumbani na moyo mweupe, akajua dada ametoka tu kwenda mahali. Kama ndugu yake aliingia jana, angeona."

Hapo sauti yake ilivunjika, lakini aliendelea, kwa kuvunjika kwake hivyo hivyo.

"Walivunja geti tarehe tisa. Daktari alisema hajafa siku nyingi. Alisema siku moja, au mbili. Mtungi wa maji ulikuwa karibu, alikuwa akinywa kwa kiganja. Unaelewa? Tarehe sita alikuwa hai. Daftari langu ndilo lililomwambia jirani arudi nyumbani."

Alisikia pumzi ya mwanawe. Aliijua pumzi hiyo. Aliwahi kukaa kitandani kwake akiisikiliza alipokuwa na homa ya mapafu, na hata sasa aliihesabu bila kutaka.

"Mama anajua?" binti aliuliza hatimaye.

"Anajua. Alinitaka nikwambie."

"Na mimi ukanipa jina la mtu uliyemwacha sakafuni."

Mzee alifumba macho. Lilikuwa neno aliloliogopa miaka yote, na lilipofika alikuta lina uzito ule ule aliokuwa akiubeba, si zaidi.

"Nilikupa ili nisimsahau," alisema. "Halafu nikashindwa kulitamka."

"Unataka nikwambie kwamba asingepona," binti alisema. "Najua unataka, kwa sababu mimi ni muuguzi. Siwezi, baba. Mtu aliyevunjika nyonga, akiwa na maji, akifikishwa hospitali siku ya pili au ya tatu, hupona. Wengi hupona. Nimewauguza."

"Najua."

"Siwezi kukudanganya."

"Sikukufundisha kudanganya," Mzee alisema, na mara akasikia alichokisema, akaona aibu hadi masikioni. Lakini binti hakumjibu kwa ukali. Alikuwa akilia, kwa ile namna yake ya kulia bila sauti, ambayo mtu asiyemjua angedhani amekata simu.

Kisha ilisikika sauti nyingine, nzito, karibu na simu. "Amesema?"

"Amesema, mama."

"Yote? Na la daftari?"

"Na la daftari."

Mama Cherehani alivuta pumzi. Mzee alijiandaa. Alishawahi kumsikia mama huyu akimtukana mwenye duka kwa robo saa bila kurudia neno. Lakini aliposhika simu sauti yake ilikuwa imechoka tu.

"Wewe," alisema. "Nilikusubiri. Mwaka wa kwanza nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga yote. Mwaka wa tano yakaanza kupungua. Sasa sina. Nimebaki na moja tu: siku ile nilikuwa na mguu wa kulisukuma lile geti, na sikulisukuma, kwa sababu ya mwandiko wako. Miaka yote hii nikiona mwandiko mzuri naogopa. Hilo ndilo nililotaka ulijue."

"Nimelijua, dada yangu," Mzee alisema. Alitaka kuomba radhi, lakini mama alishairudisha simu.

Zilisikika hatua za viatu vya kamba juu ya changarawe. Geti lililia kwenye bawaba. Mzee aliinuka bila kujua ameinuka.

"Uko wapi?"

"Niko uani. Kuna wapangaji, familia ya mwalimu. Wameniruhusu. Kifuniko cha chuma bado kipo. Kizito."

"Chomeka vidole upande wa ukuta. Kuna pengo."

Alisikia chuma kikigonga saruji. Mwili wake wote ulikumbuka mlio huo, hata magoti.

"Mita ni mpya," binti alisema. "Kioo kina vumbi. Subiri nifute." Akafuta. "Elfu moja, mia mbili na tisa. Kuna na kigurudumu kidogo chekundu."

Mzee aliibana simu begani, akaweka spana chini, akachukua kalamu mfukoni, na kwa kukosa karatasi akaandika kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto: moja, mbili, sifuri, tisa.

"Kigurudumu kinazunguka?" aliuliza.

"Kinazunguka. Haraka."

"Kuna mtu amefungua maji."

"Yuko mtoto anaoga. Namsikia, anaimba."

Mzee Koki aliuegemeza uso wake kwenye ukuta wa jirani na kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, spana miguuni pake. Mwenye nyumba alichungulia dirishani kuuliza kama sinki limeharibika zaidi, akaona, akarudisha pazia.

Alipoweza kusema tena, binti bado alikuwapo. Hakuwa amemtuliza wala kumharakisha, alimngoja tu.

"Kaburi lake liko wapi?" Mzee aliuliza. "Sikungoja mazishi. Nilitoroka asubuhi ile."

"Mama Cherehani anajua. Anapalilia mwenyewe. Nilikuwa niende naye Jumamosi."

"Mnaanzia wapi?"

"Kwake, hapa barazani."

Mzee aliitazama namba kwenye kiganja. Wino ulikuwa umeanza kutawanyika kwenye mistari ya ngozi.

"Mimi jiji hilo silijui tena," alisema. "Stendi umesema imehamishwa. Nielekeze."

Binti alikawia kujibu. Mzee alielewa kwamba alikuwa akiamua jambo, na kwamba safari hii hakuwa na haki ya kumsaidia kuamua.

"Stendi mpya iko upande wa reli," binti alisema hatimaye, polepole, kama anavyomwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Ukishuka utaona mnara wa maji. Uache mkono wa kulia. Vuka barabara kubwa kwenye taa, usivuke pengine, magari yamekuwa mengi. Mbele yako utaona mtaa wenye cherehani barazani. Huna haja ya kupinda popote. Unanyooka tu."

"Nanyooka tu."

"Dakika kumi na mbili."

"Kwa magoti haya, ishirini," Mzee alisema. Halafu akakusanya kinywa chake chote, akamwita kwa jina lake, kwa sauti kubwa.

Upande wa pili Mzee alimsikia Mama Cherehani akiuliza kwa mbali, kutoka ng'ambo ya ukuta, nani ameitwa.

"Mimi," binti alimjibu. Kisha kwenye simu akasema, "Nimesikia, baba. Uje na kitambaa cha kufutia kioo, hapa wametuazima taulo ya mtoto."